Salamu ya Juu ya Chuma

Mtu akikwambia baiskeli ni raha, muulize kwanza anaishi wapi. Akisema Kigali, mwongo huyo. Raha ya baiskeli ni ya watu wa miji ya tambarare, ambako mtu anapanda mlangoni kwake na kushukia anakokwenda. Sisi mji wetu ni vilima na mabonde, ukimaliza kimoja kingine kinakungoja. Unateremka kidogo tu, moyo haujatulia, halafu unashuka na kusukuma mpaka mgongo unalia. Mimi nimekuwa na baiskeli miaka mingi, na naapa nimetembea nayo kuliko nilivyoipanda.

Na kazi yangu ilikuwa ushonaji. Nilikaa Nyamirambo, juu kabisa, na kazi ilikuwa chini Kimisagara, katika karakana ya kushona sare za shule. Cherehani zenyewe za kukanyaga kwa miguu. Kwa hiyo asubuhi nakanyaga baiskeli, mchana kutwa nakanyaga cherehani, jioni naisukuma baiskeli mlimani. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza miguu yangu inaonaje. Wateja walikuwa wakiniambia, "Fundi, wewe bahati yako, kazi ya kukaa." Kazi ya kukaa! Nilikuwa nawatazama tu.

Halafu kuna jambo la keria. Huku kwetu mtu akiwa amepanda baiskeli, ni yake. Akishuka akaanza kuisukuma mlimani, keria ni ya watu wote. Sijui nani aliitunga sheria hii, lakini kila mama anayepanda kutoka bondeni na mzigo kichwani anaijua. Unasikia tu kitu kimetua nyuma, puu, baiskeli inainua pua, ukigeuka unamkuta mama mtu mzima ameshika kapu la viazi vitamu, anatabasamu. "Pole, mwanangu. Tusaidiane." Tusaidiane vipi, mama, na mimi ndiye ninayesukuma? Husemi. Unasukuma. Na yeye njia nzima anakueleza habari za goti lake na za jirani yake asiyerudisha ndoo. Mkifika juu anashukuru, anakuombea dua, anashusha kapu, na wewe umeloa jasho mpaka kwenye soksi. Nimewahi kupakiwa mkaa. Nimewahi kupakiwa godoro. Jioni moja nilipakiwa mbuzi, na mwenye mbuzi akanilaumu kwamba natikisa.

Miaka hiyo, baada ya vita kuanza kule kaskazini, wakaongezeka wanajeshi njiani. Jioni wanaweka gogo barabarani, wanakuambia shuka, kitambulisho, fungua mfuko. Ndani ya mfuko mna vipande vya kaki na mkasi. Mkasi wa nini? Wa kukatia nguo, afande. Kwa nini mkubwa hivi? Mara moja mmoja wao alitaka ningʼoe kiti, aone kama kuna kitu ndani ya bomba. Nikangʼoa. Ndani kulikuwa na kutu. Sikuwa na la kufanya ila kungʼoa na kurudisha, huku nyuma yangu watu wamejipanga kimya, kila mtu anaangalia miguu yake. Yaliyokuja baada ya miaka hiyo siyaandiki hapa. Hapa naandika ya baiskeli.

Basi katika taabu zote hizo kulikuwa na kitu kimoja tu kitamu, nacho ni mteremko wa asubuhi. Unatoka nyumbani bado kuna baridi, bonde la Kimisagara limejaa ukungu na moshi wa kuni, unapanda kiti, unaachia. Hukanyagi kitu. Upepo unaingia kwenye mikono ya shati. Kwa muda huo mfupi hata mimi nilikuwa mtu mwenye furaha, nakiri.

Na huo nao nikaharibiwa, kwa sababu ya salamu.

Kwetu mtu mzima hasalimiwi ukiwa juu ya baiskeli. Ukimwona mzee kando ya njia unashuka, unaishika baiskeli kwa mkono wa kushoto, unampa wa kulia, unauliza hali yake na ya nyumbani, ndipo unakwenda zako. Kumpungia mkono ukipita, au kumrushia salamu huku magurudumu yanazunguka, ni kumwambia kwamba yeye na jiwe la njiani ni kitu kimoja. Watu wa kwetu wanaiita salamu ya juu ya chuma, na akiitaja mtu jina hilo anakunja mdomo. Kwa mzee yeyote ni utovu wa adabu. Kwa mtu unayetaka kumuoa bintiye ni balaa.

Na mimi nilitaka kuoa. Katikati ya mteremko ule kulikuwa na duka dogo la nyuzi, sindano, vifungo na zipu. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiislamu, babu zake walikuja na biashara kutoka pwani, na Kiswahili chake alikitamka taratibu kama anakipima kwa futi. Mkewe alikuwa amefariki miaka kadhaa kabla, watoto wake wa kiume wako Bujumbura, akabaki yeye na binti yake. Binti ndiye aliyekuwa akiuza. Wiki moja nilinunua vifungo vyeupe vya kutosha kushonea kijiji kizima. Wiki iliyofuata nikarudi kununua vingine. Akaniambia, "Fundi, mashati unayoshona yana vifungo mpaka mgongoni?" Nikajua huyu ndiye.

Tukaelewana, yeye na mimi. Ami yangu akakubali kuwa mshenga, akatuma neno kwa yule mzee kwamba atafika siku ya Ijumaa baada ya sala. Mzee akajibu, karibuni. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mno, na hapo ndipo ningepaswa kuanza kuogopa.

Ilikuwa mwisho wa masika, mwezi wa tano. Siku moja kabla ya hiyo Ijumaa, asubuhi, ilinyesha mvua ya rasharasha. Sasa nieleze breki zangu, kwa sababu miezi iliyofuata sikueleza kitu kingine. Zilikuwa breki za vyuma za mtindo wa zamani: ukibana mkono, fimbo ya chuma inavuta vipande viwili vya raba, vinashika ringi. Ringi ikiwa kavu, zinashika vizuri kabisa. Ringi ikilowa, ni sabuni. Unabana, unabana, na baiskeli inakwenda kana kwamba humo kwenye usukani hamna mtu. Kila mwenye baiskeli anajua hivyo. Tatizo langu ni kwamba yule mzee hakuwahi kuwa na baiskeli maisha yake yote.

Alikuwa amesimama nje ya duka. Si kukaa, kusimama, amevaa kanzu na koti, kwa sababu aliniona natokea juu na alitaka kunipa mkono, mtu ambaye kesho yake anamletea posa. Nikabana breki. Hakuna kitu. Nikabana kwa nguvu zangu zote. Hakuna kitu. Nikateremsha mguu niburuze, ndala ikachomoka ikabaki kwenye tope. Naye mzee ananyosha mkono! Nikafanya nini? Nikainua wangu, nikapiga kelele, "Asalaam alaykum mzeeeee!" na ile "mzee" nadhani waliisikia watu wa bondeni, maana hapo nilikuwa nimeshampita.

Na ubaya zaidi, meno yalikuwa nje. Mimi nikiogopa mdomo wangu unavutika wenyewe, sijui kwa nini, toka utotoni niko hivyo. Mzee akaona meno. Akasema nilimcheka.

Jioni nilipopanda na baiskeli yangu, ndala moja, nikapita kuomba radhi. Duka lilikuwa wazi, mzee yuko ndani, binti akatoka akaniambia kwa sauti ya chini, "Leo usiingie. Ameshika tasbihi tangu asubuhi na hasemi na mtu." Kesho yake ami yangu alikwenda peke yake, akakaribishwa chai, akanywa, akapewa jibu. Alirudi uso umemshuka.

"Anasema hivi," ami akaniambia. "Mtu asiyeweza kushuka kwenye chuma kwa ajili yangu dakika moja, kwa binti yangu atashuka lini?"

"Ami, si ulimwambia breki zililowa?"

"Nilimwambia. Akaniuliza, mvua ndiyo iliyomkataza adabu?"

Nilitaka kulia. Ami akasema tusikate tamaa, kwanza tumwoneshe mzee hizo breki, aone kwa macho yake kwamba si ukaidi. Wazo zuri. Tukapeleka baiskeli dukani Jumapili. Jua linawaka kweli kweli. Ami akaisukuma mbio mbele ya mzee, akabana, na baiskeli ikasimama papo hapo. Akarudia. Ikasimama tena, vizuri, kama punda aliyefundishwa. Mzee akaitazama, akanitazama mimi, akaingia ndani.

Na mvua ikakata.

Lahaula! Sijawahi kukichukia kiangazi kama mwaka ule. Watu wote wanashukuru barabara zimekauka, mimi naangalia mawingu. Nikimwagia ringi maji kwa kopo nimwoneshe, ami ananiambia acha, ataona ni mchezo wa kitoto, utazidi kumuudhi. Basi nikawa mtu anayengoja mvua ili aaminiwe. Mwezi wa sita, hakuna. Wa saba, vumbi mpaka kwenye meno. Mafundi wenzangu kazini walinikejeli, ikinguruma lori barabarani wanasema, "Fundi, radi hiyo, kimbia kamwite mkwe!"

Kwa ushauri wa ami nikaamua kuonesha adabu kwa njia nyingine. Kila asubuhi, kutoka nyumbani kwangu mpaka nimepita duka la mzee, nilishuka nikatembea. Mnaelewa nasema nini? Niliusukuma mteremko! Kitu kile kimoja kitamu nilichokuwa nacho, nikakitembea kwa miguu, nimeishika baiskeli na breki zake zinazofanya kazi vizuri kabisa. Wenzangu waendao mjini wananipita vuu, vuu, wanageuza shingo. "Sha, igare lako linaumwa?" Igare ndiyo baiskeli kwa Kinyarwanda. Mama mmoja akaniona, akafikiri ni desturi mpya, akanipakia ndoo ya maziwa kwa kuteremka.

Nikifika dukani natoa salamu kamili. Mzee anajibu kamili, maana salamu ya dini hairudishwi nusu. "Waalaykum salaam warahmatullah." Basi. Hapo anarudisha macho kwenye tasbihi. Siku moja nikajaribu kuongeza neno, "Mzee, umeamkaje?" Akasema, "Nimeamka." Nimeamka! Nikaenda kazini nacheka kwa hasira, nikashona mfuko wa suruali kinyume.

Binti naye akachoka. Nilikuwa nanunua uzi, mzee amekwenda msikitini, akaniambia, "Hebu niambie, unanioa mimi au unamuoa baba?"

"Nangoja mvua," nikamjibu.

"Na isiponyesha?"

"Itanyesha."

"Kuna mtu mwingine ameleta habari," akasema huku anakata uzi kwa meno. "Ana duka Biryogo. Anakuja kwa miguu."

Usiku huo sikulala vizuri. Huyo wa Biryogo nilimjua kwa sura, mtu mpole, mnene, viatu vinangʼaa, hana baiskeli, na kwa hiyo hana dhambi. Nikaanza kumchukia hata kwa namna anavyotembea. Na kusema kweli nilianza pia kumchukia yule mzee, na kiburi chake, na mkono wake alioutoa siku ile moja kana kwamba hatakuwa na mkono mwingine. Nilisema moyoni, mtu gani huyu anayeweka maisha ya mwanawe kwenye salamu moja? Nilikasirika nikiwa natembea, nikakasirika nikiwa nashona. Wala sikumwambia mtu kwamba naogopa, lakini nilikuwa naogopa. Nilimpenda yule binti na alikuwa anaondoka mikononi mwangu kwa ajili ya vipande vinne vya raba.

Mwezi wa tisa ulikuwa unakwisha mvua iliponyesha. Ilianza kabla ya alfajiri, kubwa, ya kupiga mabati, na mimi nikaamka nikakaa kitandani nacheka peke yangu. Ilipopungua ikabaki rasharasha, nikatoka na baiskeli. Sikuipanda. Niliisukuma mpaka dukani, ringi zinachuruzika maji, matope mekundu mpaka kwenye magoti.

Mzee alikuwa mlangoni anaangalia mvua, koti begani, kama mtu aliyechelewa kwenda mahali. Nikamsalimu. Akajibu. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano, akasema kitu kingine.

"Leo imenyesha."

"Imenyesha, mzee."

"Hizo breki zako, ndiyo siku yake?"

"Ndiyo, mzee. Ngoja nirudi pale juu niteremke, uone."

"Uteremke peke yako?" Akatikisa kichwa. "Peke yako unaweza kujifanya hushiki. Nitakaa hapo nyuma."

"Mzee, hapana. Mteremko huu na tope hili, tukianguka—"

"Unaona," akasema. "Uongo ukitaka kupimwa, mwenyewe anaogopa."

Sasa nifanye nini? Nikikataa, mimi mwongo, na wa Biryogo na viatu vyake anaoa. Nikikubali, namvunja mtu ambaye namuomba binti. Binti alikuwa ametoka mlangoni ameshika ufagio. "Baba, hebu acha," akasema. Baba akamwambia anyamaze, akakunja kanzu, akakaa kwenye keria upande upande, miguu inaningʼinia. Binti akanitazama, akasema polepole ili mimi tu nisikie, "Ukimvunja, usirudi hapa."

Nikapanda. Sikukanyaga hata pedali, baiskeli ilijiondokea yenyewe. Uzito wa watu wawili, tope, ringi zimelowa. Hatujafika mbali tukawa tunakwenda kasi ya kutisha.

"Haya shika breki!" mzee akasema mgongoni kwangu.

"Nimeshika!"

"Shika sana!"

"Hizi hapa, mzee, zote mbili!"

Hakuamini. Wallahi hata hapo hakuamini. Akapitisha mikono yake ubavuni kwangu, akafika kwenye usukani, akaweka vidole vyake juu ya vidole vyangu, akabana. Alibana mpaka mifupa yangu ikalia. Nikasikia anavuta pumzi kwa nguvu, maana alikuwa ameelewa. Baiskeli iliendelea kana kwamba hatumo.

"Yarabi!" akasema. "Yarabi! Hazishiki!"

"Si ndivyo nilivyokuambia!" Nilipiga kelele kwa raha, nisamehewe, katikati ya woga nilikuwa na raha. Miezi yote hiyo! "Si ndivyo nilivyokuambia, mzee!"

Hapo chini, njia ilipokaribia kuingia bondeni, kulikuwa na mtu amesimama kando. Mzee sana, mzee kuliko huyu niliyembeba, ana fimbo na gunia alilojitanda kichwani kwa ajili ya mvua. Nilimjua. Alikuwa babake marehemu mke wa mzee, babu wa yule binti kwa upande wa mama, na alikaa katika kijia kinachoingia hapo. Kwa kawaida hakuwa akitoka nje. Alikuwa anaangalia juu ya njia kama anayemtafuta mtu, na alipotuona akahamisha fimbo mkono wa kushoto, akanyosha wa kulia.

"Baba!" mzee akalia nyuma yangu. "Simama! Simama, ni baba!"

"Nisimame na nini?"

Tukampita. Na mzee wangu, mwenye kanzu, mwenye Kiswahili cha kupimwa, akainua mkono mmoja huku wa pili umenikaba tumboni, akapiga kelele, "Asalaam alaykum babaaaa!"

Tukavuka mfereji, maji yakaruka, njia ikainuka upande wa pili na baiskeli ikachoka yenyewe, ikasimama. Nikatia miguu chini. Hakuvunjika mtu. Kofia ya mzee haikuwepo, kanzu nyeupe ilikuwa nyekundu mpaka kifuani. Nilikuwa nimejaa maneno. Nilikuwa na miezi minne ya maneno. Nikageuka nimtolee, nikamwona uso, nikameza yote.

"Umemwona?" akauliza.

"Nimemwona."

"Alikuwa ametoa mkono?"

"Alikuwa ametoa, mzee."

Akakaa pale kwenye keria, hashuki, maji yanamtiririka usoni. Halafu akashuka, akajaribu kufuta kanzu kwa kiganja, akaiona haifutiki. "Siwezi kwenda kwa mkwe wangu peke yangu na kosa," akasema. Hiyo pia ni desturi yetu, mtu hamwendei mkwe kuomba radhi bila mtu wa kwake wa kumsemea. "Na wanangu wako mbali. Twende."

"Mimi, mzee? Nikaseme mimi ni nani?"

Alishaanza kutembea.

Tukarudi tukaipanda njia ile, mimi nasukuma, yeye mkono mmoja kwenye keria. Mzee mkongwe alikuwa bado pale pale njiani. Mkono alikuwa ameuteremsha. Mzee wangu akasimama mbele yake, akainamisha kichwa, akatoa salamu kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Mkongwe akamtazama matope yote yale kutoka chini mpaka juu.

"Tangu tulipomzika binti yangu," akasema, "hujakosa asubuhi hata moja. Ukitoka kusali unakuja. Leo mvua imeanza kupungua, hukuja. Nikangoja. Hukuja. Nikasema, basi na huyu amekufa. Nikatoka njiani niulize watu. Halafu nakuona unapita. Unacheka."

Mimi sikuwa najua. Miezi yote hiyo nikipita na baiskeli yangu na hasira yangu, sikujua kwamba kila siku kabla ya mimi kuamka yule mzee alikuwa ameshuka mteremko ule wote kwa miguu na kupanda tena, kwa ajili ya kumpa mtu huyu mkono. Nikamtazama. Alifungua mdomo aseme na mdomo ukakataa. Machozi yalikuwa yanamtoka mbele ya watu, na hakuyafuta.

Kwa hiyo nikasema mimi. "Baba, hakuwa anacheka. Ni woga. Mimi ndiye niliyembeba, na baiskeli haikushika, na alinipigia kelele nisimame akaniumiza mikono. Alitaka kushuka. Hakuweza."

Mkongwe akanigeukia, polepole, kana kwamba ndiyo kwanza anaona kuna mtu mwingine.

"Na wewe ni nani?"

Nilikuwa nani? Nilikuwa mnunuzi wa vifungo. Nikainama nikaangalia gurudumu.

"Ni mume wa mjukuu wako," mzee akasema. Sauti yake ilikuwa imekatika katikati, akarudia ili isikike. "Baba, ndiye atakayemuoa mjukuu wako."

Mkongwe akahamisha fimbo, akatoa mkono, si kwake, kwangu. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika usukani, na hapo njiani hapakuwa na ukuta wala mti wa kuegemeza kitu. Nikaachia. Baiskeli ikaanguka kwenye tope kwa kishindo, nami nikaupokea ule mkono kwa mikono yangu yote miwili.